Jembe, Pawatila na Udongo wa Jogoo Road

Jogoo Road haikuzaliwa na jina hilo. Enzi za mkoloni iliitwa Doonholm Road, kwa sababu ilikuwa inaelekea kwa shamba la mlowezi lililoitwa Doonholm, huko huko ambako leo tuna mtaa wa Donholm, majirani wa Buruburu. Ukiwa ndani ya matatu ya 58 saa moja usiku, taa nyekundu za magari zimejipanga mbele yako mpaka Rabai Road, ni ngumu kuamini kwamba hii njia ilikuwa inakupeleka shambani. Lakini udongo bado uko pale chini ya lami. Ni ule mweusi, wa mfinyanzi, ambao mafundi wa mjengo wanauita bleki kotoni. Ukinyeshewa unavimba na kunata kwa kiatu kama ugali mbichi. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Fundi akitaka kujenga anauchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi, maana atakayeuacha ataona kuta zake zikipasuka.

Mkulima hana hiyo nafasi ya kuutupa. Na siku hizi Buruburu imejaa wakulima, ingawa mashamba yao hayako Buruburu. Familia nyingi za huku zilinunua ploti upande wa Kangundo Road, kule Ruai, Kamulu, Joska, Malaa. Wengine walinunua zikiwa zimepakana, ndugu na ndugu au chama kizima, na kabla ya kupata pesa ya kujenga wamepanda mboga: sukuma, managu, terere, kunde, vitunguu. Nusu ekari, ekari nzima. Kisha inafika siku mathe anasema mgongo umekataa, watu wa kibarua wamepandisha bei, na mtu mmoja kwenye chama anauliza: si tununue mashine ya kulimia? Sasa ipi?

Dukani utajibiwa kwa nguvu za farasi. Hii ni ya tano na nusu, hii ni ya saba, hii ya tisa, chukua kubwa uwe salama. Mimi nadhani jibu hilo limeshajaribiwa Afrika Mashariki, kwa pesa nyingi kuliko za chama chochote, na likashindwa angalau mara mbili. Udongo ndio uliliangusha, ukisaidiwa na ukosefu wa spea na fundi.

Tuanze na kile ambacho mashine inataka kukitoa mkononi mwetu. Jembe la chuma lina historia ndefu kuliko hii miji yetu. Wahunzi wa Samia, karibu na mpaka wa Uganda, walikuwa wanayeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, na jembe lilikuwa mali ya kulipia mahari. Kule Unyamwezi, wakati wa misafara, majembe yalitumika kama pesa. Halafu viwanda vya Uingereza vikaingia sokoni. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton ilitengeneza majembe yenye chapa ya mamba na kuyasambaza Afrika, na mpaka leo kuna wazee ambao wakienda hadwea hawaulizi jembe, wanauliza mamba. Mhunzi wa kijijini hakuweza kushindana na bei ya kiwanda.

Jembe pia lilikuwa chombo cha kulazimishwa. Mwaka wa 1947 serikali ya kikoloni ilikuwa inawatoa wanawake wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, bila malipo, siku kadhaa za wiki. Wakagoma. Mwaka uliofuata wakagoma tena. Ukisoma habari za migomo hiyo unaona hawakuwa wanapinga kulinda udongo, maana walilima hapo maisha yao yote. Walikuwa wanapinga kugeuzwa trekta.

Halafu ikafika Aprili 24, 1954. Wanajeshi wa Uingereza waliizunguka Nairobi na kuanza kuwakusanya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, katika msako walioupa jina la Anvil. Anvil ni fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hupondea jembe. Mitaa ya Eastlands kama Bahati, Kaloleni, Ziwani na Makongeni ndiyo ilikuwa katikati ya msako huo. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini, wengi wakipelekwa Manyani na Mackinnon Road. Baadhi ya wafungwa wa miaka hiyo waliishia kwenye kambi za Mwea, na kwa mikono yao, kwa majembe na sepetu, mifereji ya mradi wa mpunga ikachimbwa. Udongo wa Mwea ni ule ule mweusi tulioukanyaga kwenye Jogoo Road. Leo, mashamba hayo ya Mwea yanakorogwa na trekta zenye visu vya kuzunguka, magurudumu yakizama kwenye maji na tope. Ukila wali wa pishori Jumapili, uko karibu na historia hiyo kuliko unavyodhani.

Buruburu yenyewe ilikuja baadaye. Ilijengwa kwa awamu, Phase 1 mpaka Phase 5, kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi mapema miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji na shirika la Uingereza la CDC, na ikauziwa tabaka jipya la watu wenye mishahara. Nyumba zilikuja na kakipande ka ardhi mbele na nyuma. Waliochora ramani labda walifikiria maua. Wenye nyumba wengi walikuwa watoto wa mashambani, kwa hivyo kakipande hako kakapata sukuma wiki, miti miwili mitatu ya mapapai na mstari wa mahindi kando ya ukuta.

Jiji halikufurahia kilimo. Tangu ukoloni kulikuwa na sheria ndogo zilizotumika kuzuia kulima mjini, na askari wa jiji walikuwa wanakuja kufyeka mahindi kando ya barabara na mito, sababu ikiwa kwamba mahindi yanaficha mbu wa malaria na wezi. Taasisi ya Mazingira ilipofanya utafiti wake kuhusu chakula mijini katikati ya miaka ya 1980 ikaonyesha kitu ambacho kila mtu wa Eastlands alikijua: watu wa mjini wanalima, na wanalima ili wale. Kaunti ya Nairobi ilikuja kupitisha sheria ya kukuza kilimo cha mjini mwaka wa 2015. Kufikia hapo, bustani nyingi za Buruburu zilikuwa zimeshakufa, na askari wa jiji hahusiki na kifo hicho. Zilimalizwa na vile vyumba vya kupangisha ambavyo mwenye nyumba aliongeza mbele, nyuma na pembeni. Kodi ya chumba ni zaidi ya sukuma, nani angekataa? Mboga ikafuata barabara kuelekea mashariki, mpaka Kangundo Road. Na udongo mweusi ukaifuata.

Sasa mashine. Mwaka wa 1912, kijana Mwaustralia kwa jina Arthur Clifford Howard alikuwa anacheza na injini kwenye shamba la babake huko Gilgandra. Wazo lake lilikuwa kwamba badala ya kukokota jembe la plau, ambalo linageuza udongo huku uzito wake ukiushindilia, unaweza kuzungusha visu kwa nguvu ya injini vikaukatakata tu. Majaribio ya kwanza yalirusha udongo pembeni, ovyo kabisa. Suluhisho lake likawa kisu kilichopinda kama herufi L, kimefungwa kwenye mhimili mwembamba unaozunguka. Alipata hataza mwaka wa 1920, na mwaka wa 1938 akahamia Uingereza kuanzisha kampuni huko. Hicho kisu cha L bado kiko kwenye mashine nyingi utakazoonyeshwa dukani leo, zaidi ya miaka mia baadaye.

Wajapani wakaiweka mashine hiyo mikononi mwa mkulima mdogo. Mashamba yao ya mpunga ni madogo, trekta kubwa haina pa kugeukia, kwa hivyo mashine ya kutembea nyuma yake ilikuwa na maana. Honda ilitoa yake ya kwanza, F150, mwaka wa 1959. Mwaka wa 1983 kampuni hiyo hiyo ikaanza familia ya injini za GX, ambazo baadaye zilinakiliwa sana Uchina. Hii ni habari muhimu kwako kuliko inavyoonekana, nitairudia chini.

Hapa Afrika Mashariki tulijaribu njia ya mkato kwanza. Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika, lengo likiwa zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa, mkoa wa Dodoma, mwaka wa 1947. Zilitafutwa trekta kuukuu za jeshi kutoka kila pembe ya dunia. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa trekta na kupewa jina la Shervick. Nguvu ilikuwepo, usiseme. Lakini kiangazi kilipofika udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji. Ulisaga vyuma. Mizizi ya vichaka na mibuyu ikamaliza kilichobaki. Spea zilikuwa ng'ambo, mafundi wachache, madereva wamefundishwa haraka haraka, na mashine zikaanza kulala moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeenda. Pesa za walipa kodi wa Uingereza, sawa, lakini ardhi iliyokwaruliwa ilikuwa ya Wagogo.

Miaka kama sitini baada ya karanga, mkoa ule ule. Agosti 2009, Rais Kikwete alizindua Kilimo Kwanza mjini Dodoma, na halmashauri za wilaya zikahimizwa kununua mashine ndogo za kulimia. Watanzania wakaziita pawatila, jina zuri ambalo naliazima bila aibu. Zikaletwa kwa wingi. Katika mabonde ya mpunga, penye maji na udongo laini, ziliwasaidia watu. Lakini zilipopelekwa kwenye ardhi kavu na ngumu zilianza kuruka juu badala ya kuingia chini, na spea zikawa shida. Nyingi zikaishia kufungwa tela na kubeba magunia, mchanga, hata harusi. Mashine ilikuwa imetafutiwa kazi na wenyewe. Kosa lilitokea pale ofisini, ambapo aina moja ilinunuliwa kwa ajili ya nchi yenye udongo wa kila namna.

Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria, ilianza kwa kuuza mashine ndogo za magurudumu mawili, na baadaye ikaacha hiyo biashara na kujikita kwenye kukodisha trekta kupitia simu. Leo makao yake ni Nairobi. Hata wao waligundua kwamba kumiliki mashine na kulimiwa ni vitu viwili.

Kwa hivyo ukiwa na nusu ekari ya udongo mweusi kule Joska, anza na udongo. Ardhi ambayo haijawahi kulimwa, au imelala miaka, usiiguse na pawatila. Hapo Ukambani watu wamelima kwa plau na ng'ombe tangu ukoloni, na bado utawapata. La sivyo kodi trekta kwa siku moja ivunje ardhi. Pawatila ni ya msimu wa pili na kuendelea, ya kulainisha na kuchanganya mbolea. Ukiinunua ili ifanye kazi ya kwanza, umerudia Kongwa kwa bajeti ndogo.

Muda nao. Udongo huu una siku chache tu za kulimika kila msimu, baada ya mvua za kwanza za Machi au Oktoba kuulowesha na kabla haujageuka gundi. Chukua konzi, ufinye mpaka uwe donge, uliachie kutoka kiunoni. Likivunjika, lima. Likibapa kama chapati, rudi nyumbani. Atakayelima ukiwa tope atapata matofali jua likiwaka.

Halafu angalia nyasi. Kama shamba lina sangari au ndago, pawatila itakudanganya vibaya. Itakatakata mizizi vipande mia, shamba litaonekana safi kama limenyolewa, na baada ya wiki tatu kila kipande kimeota. Hiyo mizizi inang'olewa kwa jembe la uma, lile la meno, na kukaushwa juani. Hakuna injini iliyotatua hili, na muuza mashine hatakuambia.

Sasa ndio twende dukani. Kuna mashine ndogo ambazo hazina magurudumu ya kuendeshwa na injini. Visu viko mbele, na ndivyo vinavyoivuta. Ni nyepesi, zinaingia kwa buti ya gari, na kwa kibustani cha nyuma ya nyumba hazina shida. Kwa udongo mweusi zinarukaruka kama mbuzi na mwenye kuchoka ni wewe. Kwa nusu ekari tafuta yenye visu nyuma na magurudumu yanayoendeshwa na injini, nzito, isiyopungua nguvu saba. Kwa ekari na kuendelea, ile ya dizeli ya magurudumu mawili makubwa ina akili zaidi: inazunguka polepole, inavuta kwa uzito, na ukipenda itabeba tela kama za Tanzania. Uliza kama nguvu inafika kwa visu kupitia gia au mkanda. Mkanda huteleza na kuungua kwenye udongo mzito. Uliza pia umbo la visu, maana ile L ya Howard inafaa penye majani mengi, na iliyopinda kama C huingia vizuri zaidi kwa udongo mzito.

Upana una hesabu yake, na hakuna anayeifanya. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Mashine ya kulima upana wa sentimita 60 itakutembeza karibu kilomita 6.7 kuimaliza mara moja, na huu udongo unataka kupitiwa mara mbili au tatu. Ya sentimita 30 inakutembeza mara dufu ya hapo, yaani kupita mara tatu kwenye ekari moja ni kama kutoka Buruburu mpaka Thika kwa miguu. Usilazimishe kina chote kwa mpigo. Pita kwanza juu juu, kisha rudia. Na usilime kina kile kile kila msimu, maana visu vinapiga sakafu ngumu chini, na maji ya mvua yanakosa pa kwenda.

Injini sasa. Nilisema GX zilinakiliwa. Nakala za Uchina mara nyingi zinakubali spea za mwenzake, plagi, kabureta, gaskiti, na fundi wa jenereta au wa pampu ya maji anazijua kwa kuzigusa tu. Hiyo ni faida ambayo Kongwa hawakuwa nayo hata kwa pauni milioni 36. Mashine yenye injini ya ajabu, hata ikiwa na nguvu kiasi gani, itakulazimu umtafute mtu mmoja tu anayeijua, naye siku ya mvua za kwanza atakuwa ameenda ocha. Kitu cha pili ni vumbi. Kangundo Road unajua vumbi lake. Chujio la hewa linalotumia oili hudumu kuliko la sponji pekee, na gia box ina oili yake ambayo watu wengi huisahau mpaka siku inapiga kelele.

Kuna jambo lingine ambalo chama lazima kilizungumze kabla ya kuchanga. Asubuhi huko Joska kuna kina mama wanaotembea na majembe begani wakitafuta kibarua. Mashine itachukua siku zao za kuchimba. Haitachukua za kupalilia, kupandikiza, kung'oa sangari na kuvuna, na kwa mboga hizo ndizo siku nyingi zaidi. Ukiwa umeokoa pesa ya kuchimba, kuna sababu ya kutorudi kubishana nao shilingi hamsini kwenye palizi.

Na ukishaamua, usianze na duka lenye vioo. Nenda Kirinyaga Road kwanza, kwa wauza spea, utaje jina na modeli, kisha uombe seti ya visu, mkanda na sili ya gia box. Usiulize kama vinapatikana, omba uvione mezani. Ukiambiwa viko kwa kontena vinakuja, hiyo modeli achana nayo, ingia mlango wa pili utaje nyingine.